Kuku Tuliowapikia Watu wa Mafuta

Sifa mwanangu,

Salamu sikutumii, maana uko hapo nje na ninakusikia ukicheka na binti za shangazi yako wakikusuka nywele. Cheka tu. Mimi niko chumbani na kalamu niliyoazima kwa mwalimu, na nimewaambia watu kichwa kinaniuma ili wasiniingilie. Kichwa hakiumi. Nina hasira, na nimeamua kuiandika kwa sababu mimi na wewe tukizungumza kwa mdomo tunagombana kabla maji ya chai hayajachemka.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya mahali pa kuficha pasi ya kusafiria, hayo shangazi yako ameshakuimbia tangu Jumapili na atakuimbia tena kesho mpaka pikipiki iondoke. Mimi sina la kuongeza. Watu wa hapa wamekuchagua wewe uende Ulaya, ukasimame mbele ya wenye asiransi katika mkutano wao mkuu, uwaambie wasiibebe kampuni inayotaka kuchimba mafuta katika pori letu. Mashine zimekwisha kufika mjini. Zimeegeshwa, zinasubiri sahihi yao tu. Juu ya hilo ndipo ninapotaka kukuandikia, pamoja na makosa yangu, kwa kuwa huko unakokwenda makosa yangu yametangulia kufika.

Kwanza hiyo asiransi, au bima kama wanavyoandika vitabuni. Mwanzoni sikuelewa kwa nini tuwafuate hao, tusiwafuate wenye kampuni. Wewe ndiye uliyenifungua macho, tukiwa tunamenya mihogo. Ulitoa mfano wa pikipiki ya baba yako, ukaniambia, "Mama, moto ya Papa ikikosa asiransi, polisi ya rulaji kule barabarani anaiacha ipite? Njo vile na mashine. Bila asiransi banki haitatoa franga, na bila franga mashine haitembee." Nikaelewa palepale, hata nikakusifu, jambo ambalo halinitoki kirahisi.

Lakini kuna kitu wewe hukukiona, ulikuwa mdogo mno. Baba yako alikuwa na asiransi ya pikipiki, imebandikwa mbele, kila mtu anaiona. Lori lilipomgonga karibu na Kitshanga na mguu wake ukavunjika, nilimpeleka ofisini kwa wenye asiransi akiwa amebebwa mgongoni na kaka yake. Kijana mmoja mwenye shati safi aliisoma karatasi, akaigeuza, akasema, "Papa, hii inalinda moto. Hailinde mwenye moto. Na tena ile barabara haiko mu karatasi." Akaturudishia karatasi yetu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Baba yako anachechemea mpaka leo. Kwa hiyo wakikuambia huko kwamba wao ni watu wadogo, kwamba mikono yao imefungwa, kwamba hawawezi kukataa mteja, usikubali hata kidogo. Hao watu kukataa ndiyo kazi yao. Waliukataa mguu wa baba yako bila hata kujikuna kichwa.

Mimi si mtu wa pori, unajua. Nilizaliwa Nyamitaba, kwenye vilima vya upepo, kwa watu wa maharagwe na viazi na ng'ombe wachache. Nilikuwa bado binti wa kuchota maji wakati mtu mkubwa kutoka mjini alipokuja kumwomba baba yangu njia, ng'ombe wake wapite pembeni mwa shamba letu kwenda mtoni, msimu mmoja tu. Alivua kofia mlangoni. Alimwita baba yangu "Muzee wangu." Baba hakutaka, nilimwona, midomo yake ilikuwa imekaza. Lakini mtu amekaa kwenye kiti chako, amekunywa maji yako, utamwambiaje hapana usoni? Baba akanyamaza. Kwetu kunyamaza namna ile ni kukataa, na kila jirani angeelewa. Yule mtu akasimama, akashukuru sana, akaenda zake. Haukupita muda, seng'enge ikapita katikati ya maharagwe. Baba alipokwenda kulalamika aliambiwa, "Si ulikubali? Haukusema kintu!"

Tulihamia Burungu, na Burungu vita vikatutoa, hayo ya vita unayajua. Lakini kilichotutoa Nyamitaba hakikuwa bunduki, ilikuwa adabu. Baba yangu alikufa akiamini kwamba yule mtu alimwelewa vizuri na akajifanya tu hakuelewa. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba niliapa sitarudia kosa la baba yangu, nikaja kuolewa huku Walikale, na nikalirudia kwa mikono yangu, tena nikalitilia mafuta ya mawese.

Umekulia humu, desturi ya mbuzi huwezi kuiona kama nilivyoiona mimi niliyetoka nje. Kwa ukoo wa baba yako, mtu anayetaka kipande cha pori, cha kulima au cha kuwinda, huja na mbuzi. Wazee wakimkubali, mbuzi anachinjwa palepale na mgeni anakula nyama yake pamoja nao. Wakimkataa, hakuna anayefungua mdomo kumwaibisha. Mbuzi anafungwa kando, mgeni anapikiwa kuku wa nyumba, anakula, anashiba, kisha anarudishiwa kamba mkononi na kwenda na mbuzi wake akiwa hai. Hata mtoto wa kutambaa akiona mbuzi anarudi, anajua neno limekataliwa. Nilipofika hapa bibi harusi nilimwona mfanyabiashara wa mbao akifanyiwa hivyo, na nilifurahi mno. Nikasema moyoni, hawa wamempita baba yangu, wana namna ya kukataa inayoonekana kwa macho. Sikujiuliza ni macho ya nani.

Siku ile watu wa kampuni walipokuja wewe ulikuwa Goma, masomoni. Walikuja na gari mbili na kijana wa mjini wa kuwatafsiria. Kuna mtu alikuwa amewanong'oneza waje na mbuzi, na walikuja naye, mkubwa, mweupe, mwenye kelele. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Hawa walikuja na jembe lao tayari. Mkubwa wao aliongea, kijana akageuza: "Patron anasema mafuta iko chini sana. Pori ya juu haitaguswa. Mutapata kazi, mutapata dispensere." Wazee walisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha baba yako, aliyekuwa amekaa mguu wake ukiwa umenyooshwa mbele, akageuka akaniambia, "Mama Sifa, shika kuku."

Sifa, sijui kama nitaweza kukueleza ile furaha. Uani wanawake wote waliguna kwa kuridhika. Nilipika kama ninavyopika siku ya ubatizo. Kuku wawili, wale wangu wa kutaga, bugali, sombe ya majani ya mihogo, uyoga uliokuwa umetoka asubuhi ile. Nilimimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mimi mwenyewe. Nilimwekea yule mkubwa paja, nikasimama mbele yake na sahani, nikacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Nilicheka kwa sababu nilikuwa ninamfukuza. Mwenzake mmoja akatoa simu, akapiga picha.

Wakati wa kuondoka tuliwarudishia mbuzi. Dereva akauliza kwa nini, na yule kijana wa mjini, ambaye nadhani hajawahi kulala kwa bibi yake hata siku moja, akajibu, "Banawapa zawadi." Nilimsikia. Nilikuwa karibu naye kama ulivyo karibu na ukuta huu. Nilimsikia na sikumsahihisha, kwa kuwa mgeni alikuwa ameshapanda gari, na kumkatisha mgeni akiwa anaaga si vizuri. Hilo ndilo kosa langu. Kupika tulipika sote, ni desturi ya watu, lakini kunyamaza pale nilinyamaza mimi peke yangu, mimi mtoto wa yule mzee wa Nyamitaba.

Yaliyofuata unayajua. Picha ile iko katika kitabu cha kampuni, kile walichowapa watu wa asiransi kuonyesha kwamba wenyeji tumeulizwa na tumekubali. Mimi na sahani, mdomo wazi, na chini yake maneno ya Kifaransa kwamba jamii imeupokea mradi kwa shangwe. Ulinipigia kutoka Goma. "Mama, iko weye? Mama, mulikubali?" Na mimi nikakutukana. Nilikuambia shule imekukausha ubongo, kwamba umesahau mbuzi, kwamba wewe ni Mzungu aliyeungua jua. Nisamehe maneno yale. Swali lako liliniuma kwa sababu ulichouliza ndicho nilichokuwa nikijiuliza mwenyewe kila nikiwasha moto.

Tangu hapo wamekata mstari mrefu porini, wamepaka rangi nyekundu miti itakayokatwa. Na aliyepaka ni nani? Baba yako mdogo Bauma, kwa buti za kampuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Mti ulio kichwani pa kaburi la mama yake mzazi aliupaka yeye mwenyewe, akapita akaenda kupaka mwingine. Shangazi yako ananiambia nimsamehe, ana watoto wa kulisha. Na mimi nina watoto wa kulisha. Anapopita hapa simwitikii salamu, na ukimkuta kesho barabarani usishuke kwenye pikipiki.

Tulipoitisha kikao kwa ajili ya ile picha, Mama Kashindi wa Bambuti, yule wa ng'ambo ya kijito anayekuuzia asali, alikuja bila kuitwa. Hakukaa chini. Alisema, "Mulilisha mwizi, sasa munashangaa tumbo yake iko kubwa!" Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize kucheka, akasema tena, "Na miye? Nani aliniuliza? Banataka kuchimba fasi ya asali yetu. Ile kuku mulikula ninyi na bao bageni." Wazee waliangalia vidole vya miguu yao. Nami niliangalia vyangu, kwa kuwa siku ile ya kuku haikunijia hata kidogo kichwani kwamba kuna mtu wa ng'ambo wa kuulizwa. Sisi ndio tunaolia kwamba hatukuulizwa, na sisi ndio hatukuuliza. Hawa watu walikuwa porini kabla ya babu wa babu wa baba yako, na kwenye vikao vyetu tunawakalisha mavumbini. Kwa hiyo ukifika kule usiseme "pori letu" kama mwenye nyumba anayeishi peke yake. Mtaje Mama Kashindi kabla hujanitaja mimi. Amekubali jina lake lisemwe. Nilivuka kijito kwenda kumuuliza, na alinisimamisha jua kali kwa muda mrefu kabla ya kunijibu, jambo ambalo nilistahili.

Sasa sikia. Ile picha utawaonyesha, ndivyo mlivyopanga na wenzako, na ni sawa. Nyuma ya bega langu, kwenye gurudumu la gari, yule mbuzi yuko hai, anatafuna jani. Mtu yeyote wa kwetu akiiona atakuambia hii ni picha ya kukataliwa. Ushahidi wao wenyewe unawasuta. Lakini usianze na mbuzi! Nakujua, wewe unapenda kusimulia. Ukianza na mbuzi watatabasamu, watasema desturi nzuri sana, wataomba uirudie polepole ili waandike. Watu wale wanapenda desturi za wengine kama watoto wanavyopenda kifaranga, wanakibembeleza mpaka kinakufa mkononi. Anza na hapana. Sema hapana kwa Kifaransa, kwa Kiingereza chako cha kuungaunga, na kwa Kiswahili, kabla hujawashukuru kwa nafasi, kabla hujasema jina lako. Wakishaisikia na nyuso zao zikabadilika, ndipo umtoe mbuzi.

Watakuuliza kama wewe hutumii mafuta. Umekuja kwa ndege, watasema, na kwenu si mnapanda pikipiki? Usione haya. Ndiyo, tunapanda, na mawese yangu yanakwenda sokoni kwa pikipiki. Anayekula nyama hajasema mtoto wake achinjwe. Watakuambia wasipoibeba wao, mwingine ataibeba. Waambie basi huyo mwingine atupe anwani yake, naye tutakwenda kumtembelea. Na kutakuwa na mmoja, mama pengine, atakayekushika mkono mwisho wa mkutano akiwa na machozi, atakuambia moyo wake uko pamoja nawe. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Utamwonea huruma, maana nimekulea vibaya, nimekulea umhurumie kila anayelia. Mwache alie. Muulize alipiga kura gani.

Nimekulea pia kushukuru. Ulikuwa huwezi hata kusema "mama", nikakukunjia vidole upokee kwa mikono miwili. Nilidhani ninakupa silaha, mtoto mwenye adabu hafukuzwi. Nilikupa ugonjwa wa babu yako. Sikuambii uwe mtu mbaya. Ukirudi hapa, msalimie kila mzee mpaka yule kiziwi. Lakini kwa watu wale, kwa siku ile moja, nakuomba kama mama anavyoweza kumwomba mtoto wake: uwe mkali. Ukali wako uwe wa kueleweka. Wasitoke pale wakibishana kama ulikataa au ulinyamaza.

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifunga humu chumbani.

Juzi ulitusomea uani ile karatasi ya asiransi, ukitutafsiria mstari mmoja mmoja. Hatari ambazo wako tayari kuzilipia kampuni ikipata hasara: moto, mafuriko, daraja kuvunjika, na kile ulichokiita "fujo ya wenyeji". Wanawake walicheka sana pale. Mama mmoja akasimama akacheza, "Fujo ya wenyeji iko hapa!" Nawe ulicheka. Mimi nilichukua ndoo nikaondoka, ukadhani nimechoka.

Tumekubaliana, sisi wa huku na Mama Kashindi na watu wake, kwamba siku mashine zikitoka mjini tutakwenda kukaa kwenye daraja la miti ambalo lazima zilipite, na hatutainuka. Safari hii hatupiki. Baba yako anajua, na atakaa nasi na mguu wake. Mashine zitakuja na askari, na askari wa huku unawajua vizuri kama mimi. Sikukuambia kwa mdomo kwa kuwa ungevunja safari, ungesema nafasi yako ni pale darajani karibu nami. Darajani tuna watu. Huko kwenye ule ukumbi hatuna mtu isipokuwa wewe.

Ninaogopa, Sifa. Nisikudanganye. Naogopa hata sasa, na mkono unaoandika unaona aibu.

Basi ukishasimama mbele yao, wasomee mstari ule wa karatasi yao wenyewe. Waambie fujo ya wenyeji ina jina, inaitwa Mama Sifa, ni yule anayecheka kwenye picha. Waambie wakiweka sahihi, na siku ile nikaangushwa pale darajani, kampuni italipwa kwa siku ilizopoteza, na mtoto wangu hatalipwa kitu. Wangoje mpaka mmoja wao akutazame machoni. Kisha waulize nani kati yao anashika kalamu.

Kesho sitatoka kukusindikiza, usinigongee mlango. Nikikuona na mzigo begani nitakuomba ubaki.

Mama yako